Mkasi Aliopewa Mgeni

Wenceslao Ccahuana Tunqui wa Sullukancha. Mwana wa Mariano Ccahuana, aliyekuwa wa kwanza kutia panga katika msitu uliozifunika kuta za mji wa kale wa Wamanpirka, na wa Paulina Tunqui, aliyesimama wima mbele ya kabaila mwenye shamba siku ambayo wenzake wote walipiga magoti. Mjukuu wa Isidro Ccahuana, aliyebeba kengele ya kanisa mgongoni kutoka bondeni, siku tatu, bila kuiacha iguse ardhi. Yeye mwenyewe alining'inia kwenye kamba miaka thelathini na mmoja akisafisha mawe ya wazee wa kale, na hakuna jiwe hata moja lililoanguka chini ya mkono wake.

Hayo ndiyo aliyopenda yasemwe juu yake. Lipo na jingine ambalo hakupenda lisemwe, hata miongoni mwetu tuliolishuhudia. Lakini uzee una namna ya kumlegeza mtu ulimi, na mwisho alilisema mwenyewe kwa kinywa chake, kwa hiyo nami sioni sababu ya kulificha.

Kwanza kazi yake. Wamanpirka imekaa juu ya mgongo wa mlima, mwendo wa siku mbili kwa miguu tangu barabara inapokatikia. Mvua zikiisha, magugu huwa yameshatia mizizi katika kila ufa, na mzizi ukiachwa ukanenepa husukuma jiwe ambalo hata tetemeko halikuliweza. Basi Wenceslao na wenzake walishuka kwenye kuta kwa kamba, kila mmoja na kijiti chake cha mti mgumu, maana chuma hukwaruza, wakang'oa magugu na kukwangua kuvu, jiwe baada ya jiwe. Walipofika mwisho wa kuta, mwanzo ulikuwa umeota tena.

Wageni waliwapita chini yao. Walifika asubuhi wakihema, nyuso nyekundu, wakangoja ukungu uinuke. Ukungu ulipoinuka na kuta zikajitokeza zote kwa mara moja, ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukingo wa bonde, walinyamaza kama watu walioingia kanisani wamechelewa. Wengine walilia. Wengine waliweka viganja juu ya mawe na kufumba macho.

“We Wenceslao,” Serapio mwenzake alimwita siku moja kutoka kamba ya pili, “tazama yule mama. Amelikumbatia jiwe.”

“Mwache. Labda kwao hawana.”

“Mume wake si yule pale nyuma? Mbona yeye hamkumbatii?”

“Jiwe halikoromi.”

Serapio alicheka mpaka kamba ikayumba. Hivyo ndivyo walivyowaona wageni: watu wema, wa ajabu kidogo, wanaokuja kutazama na kuondoka kabla ya jua kugeuka. Hakuna aliyewahi kuinua macho kuuliza ni nani anayening'inia pale juu.

Mpaka alipokuja Lennart.

Huyu alikuwa mrefu kama nguzo, masikio yameungua jua hadi yakachubuka, na alikuja na makaratasi mapana na penseli, achore kuta za Wamanpirka jiwe kwa jiwe. Hakuondoka mchana ule wala kesho yake. Alikaa kiangazi kizima. Kihispania chake kilikuwa kibovu, na cha Wenceslao hakikuwa bora sana, wakaelewana vizuri. Mgeni aliuliza jina la kila jiwe, na Wenceslao, ambaye miaka yote ile alikuwa akiyapa majina kimyakimya, akamwambia: hili ni Unyayo wa Puma, hili lenye pembe kumi na moja ni Mama Mkwe kwa sababu halikubali kukaa na mwenzake, hili ni Mtoto Anayenyonya. Lennart aliandika yote. Mchana walikula pamoja viazi vilivyookwa katika tanuri la madongo, wakichovya katika mchuzi wa pilipili, na mgeni akitokwa machozi kwa ukali wake hakukubali kushindwa.

“Nani alikufundisha haya?” aliuliza.

“Hakuna. Mikono.”

“Wewe ni profesa,” Lennart alisema. “Profesa wa mawe.”

Neno lile lilimpanda Wenceslao kichwani kuliko pombe ya mahindi. Alilibeba hadi nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Wala msimcheke. Ninyi nanyi mngening'inia kwenye kamba miaka minane bila mtu kuwauliza jina, halafu aje mmoja awaite profesa, tungeona.

Sasa mwaka ule Wenceslao alikuwa na binti wa miaka mitatu, Delfina, mtoto wake wa pekee. Nywele za Delfina zilikuwa hazijaguswa tangu azaliwe, zimeshikana mafundo mgongoni kama sufu ya kondoo wa mvua. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto hakatwi nywele mpaka apatikane baba wa mkasi, mtu atakayekata shungi la kwanza mbele ya watu. Anayekata hampi mtoto zawadi ya siku ile na kwenda zake. Anakuwa baba wa pili. Mtoto akiugua, akifika umri wa shule, akitaka kuolewa, nyumba ya baba wa mkasi ndiyo mlango wa pili wa kubisha.

Na Delfina alikuwa ameshapata wake. Wakati wa mavuno ya mahindi Wenceslao alipanda hadi malishoni kwa kaka yake mkubwa, Nicanor, amebeba mkate mpana wa sherehe, uitwao wa Oropesa, mtungi wa pombe ya mahindi na majani ya koka. Nicanor hakuwa na mtoto. Aliupokea mkate kwa mikono miwili, akaumega, akala. Kula ndiko kukubali. Siku ileile, katika wanyama wake wa sufu, alichagua alpaka jike mweupe, mdogo, mwenye miguu mizuri, akamtoboa sikio na kumfunga uzi wa sufu ya rangi ya waridi. Uzi huo maana yake ni moja: mnyama huyu ni wa mtoto.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Wenceslao alimwambia mkewe Basilia kwamba amefikiri, na anaona shungi la kwanza likatwe na Lennart.

Basilia aliweka chini kisu cha kumenyea. “Baba Delfina, mkate umeshaliwa. Utamtapisha kaka yako?”

“Nicanor ni mtu wa nyumbani. Yeye atakuwepo tu. Huyu akienda ameenda.”

“Si ndiyo hiyo ninayokuambia? Akienda, ameenda.”

“Huelewi. Mwenzetu amesoma. Anaweza kumfungulia mtoto njia.”

“Njia ya kwenda wapi? Mtoto hata nywele hajachana.”

Lakini alikwisha kukata shauri. Alikutana na Nicanor njiani, hata nyumbani kwake hakwenda, Nicanor anateremsha lama waliobeba viazi vilivyokaushwa kwa baridi, huku anasokota uzi mkononi kama ilivyo desturi yake, kwani mikono ya Nicanor haikujua kukaa bure.

“Kaka, nimefikiri kidogo. Tumwache mgeni akate wa kwanza. Wewe ukate wa pili.”

Pia ya uzi iliendelea kuzunguka. “Wa pili.”

“Ni shukrani tu, kaka. Amekaa nasi muda mrefu.”

“Na umeniletea mkate mwingine wa kuniambia haya?”

“Mkate gani tena? Sisi si ndugu?”

“Aa,” Nicanor alisema. “Sisi ni ndugu.” Akawapigia lama mluzi, akapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kijiji kizima kilikuja. Simbilisi wa jikoni walichomwa, pombe ikazunguka, Delfina akaketishwa juu ya blanketi jipya, nywele zake zimegawanywa mashungi na kila shungi limefungwa utepe. Lennart alivikwa kofia yetu, ikamkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika. Alipewa mkasi. Alikata, akaweka shungi katika sahani, na machozi yakamtoka. Alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kupewa heshima kama ile maishani mwake, kwamba Delfina ni binti yake sasa, kwamba akifika miaka saba atarudi amwone anavyosoma. Alimpa mtoto picha aliyomchora kwa penseli. Watu walipiga makofi. Wenceslao alitazama huku na huku kuhakikisha kila mtu amesikia.

Kisha sahani ikapelekwa kwa Nicanor.

Nicanor aliinuka. Aliushika mkasi, akamwendea mtoto, akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, kutoka utosini hadi shingoni, polepole, kama mtu anayepapasa mnyama kujua kama ana homa. Halafu akaurudisha mkasi sahanini. Hakuutupa, aliulaza.

“Zimekwisha katwa,” alisema, akachukua kofia yake akaondoka.

Lennart alimgeukia Wenceslao. “Kaka amechoka?” aliuliza.

“Amechoka,” Wenceslao alijibu.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo lile. Wengine waliendelea kukata kwa zamu mpaka likabaki shungi moja, lile la Nicanor, na hakuna aliyetaka kuligusa. Jioni Basilia alilikata mwenyewe, akalifunga katika kitambaa na kukisokomeza katika ufa wa ukuta, juu ya jiko.

Lennart aliondoka wiki iliyofuata. Ilikuja barua moja tu. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye mchoro wa kuta za Wamanpirka, imepigwa chapa vizuri, na maneno machache: amefika salama, anawasalimu wote, hasa Unyayo wa Puma. Wenceslao aliikunja akaitia ndani ya kofia yake, akawa anaitoa kuwaonyesha watu mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Delfina alifika miaka saba. Kiangazi kile baba yake aliomba apewe ukuta wa mashariki, kwa sababu kutoka pale mtu wa kamba anaiona njia ya wageni inapokata kona. Kila kofia iliyotokeza alisimamisha kijiti. Kiangazi kilichofuata aliuomba tena. Serapio aliacha kumtania, na Serapio kuacha kumtania mtu ni jambo zito.

Mtoto naye alikuwa amejigamba shuleni kwamba baba yake wa mkasi yuko ng'ambo. Wenzake hawakumwachia. “Delfina, mtoto wa ndege!” walimwimbia kila ndege ilipopita juu. “Mwite, mwite, baba'ako huyo anapita!” Mwanzoni alilia. Baadaye alijifunza kuwarushia mawe, na alikuwa na shabaha.

Alipomaliza darasa la sita, shule ya kuendelea ilikuwa mjini, huko chini, kwa kulala hukohuko. Hapo ndipo nyumba ya baba wa mkasi hubishwa hodi. Basilia alimwambia mumewe, “Panda kwa Nicanor.”

“Nikamwambie nini?”

“Mwambie ulikosea. Neno moja. Halitakuvunja jino.”

“Mwakani.”

“Mwakani mtoto atakuwa amesahau hata kusoma.”

Hakupanda. Haikuwa chuki, angekuwa na chuki ingekuwa rahisi zaidi. Kila alipofikiri kupanda aliona mkasi ule umelazwa sahanini, na uso wake ukawaka moto. Watu wa Sullukancha tunajivunia kutoomba, na mara nyingi tunachojivunia ndicho kinachotuumiza. Delfina alikaa nyumbani, na alipofika miaka kumi na mitano akaanza kwenda na misafara ya wageni, akipika katika mahema, akibeba masufuria yaliyomzidi urefu.

Basilia alifariki mwezi wa Agosti, majira ya upepo. Nicanor alishuka, akachimba kaburi pamoja na wanaume wengine, akarudi juu kabla ya chakula. Ndugu wale wawili walipokezana sepeto ile ile bila kutazamana.

Halafu Lennart alirudi.

Ilikuwa miaka kumi na minane baada ya siku ya nywele. Wenceslao alikuwa ukutani. Hakutazama tena njia, ilikuwa imeshamtoka moyoni, ila alisikia sauti chini yake ikitaja Mama Mkwe, na hakuna mwingine duniani aliyelijua jina lile. Alishuka kwa kamba. Yule mtu alikuwa na mvi sasa, ana mke, ana vijana wawili warefu kama yeye. Masikio yalikuwa yaleyale.

Na alimtambua! Hilo ndilo Wenceslao alilolirudia mara nyingi baadaye, kwamba alimtambua mara moja, akamkumbatia mbele ya watu na kupiga kelele, “Profesa wa mawe!” Aliwaita wanawe wamsalimie. Aliuliza habari za Unyayo wa Puma, akaenda kuugusa. Aliuliza kama Mtoto Anayenyonya bado anachuruzika maji wakati wa mvua. Hakusahau jiwe hata moja. Kisha wakaketi ukingoni, Lennart akafungua chupa ya maji, akamkaribisha anywe kwanza, akamuuliza kwa upole:

“Na wewe, una watoto?”

Wenceslao aliyameza maji. Aliwatazama wale vijana wawili wanavyopigana picha.

“Ninaye mmoja,” alisema.

“Wa kiume?”

“Wa kike.”

“Vizuri sana,” Lennart alisema, na aliyasema kwa moyo wake wote. “Watoto wa kike ni wazuri sana.”

Hakuwa mtu mbaya. Ile Jumapili, kwake, ilikuwa siku nzuri kati ya siku nzuri za safari, na siku nzuri zikiwa nyingi huingiliana. Hakuna aliyemweleza kwamba mkasi ule hauna mwisho. Wenceslao hakumweleza, kwa sababu ilikuwa haijampitikia kwamba yupo mtu mzima asiyelijua hilo. Kosa hilo ni letu. Tuliona machozi yake tukadhani anajua anachokilia.

Siku hiyo Delfina alikuwa kambini, hatua mia mbili chini ya ukuta, akiwapikia wageni hao hao. Lennart alikula supu ya mkono wake. Baba yake aliposhuka, msichana alimuuliza, “Baba, yule mzee mrefu ndiye?”

“Siye.”

Huo ulikuwa uongo wa pili.

Miaka tisa tena ikapita. Magoti yalimtoa Wenceslao kwenye kamba, akawa mtu wa kuota jua mlangoni. Delfina alikuwa na binti yake sasa, Nelida, wa miaka miwili na nusu, nywele mafundo matupu. Jioni moja, wakati wa kuwalisha simbilisi majani, Delfina alisema, “Baba, mkuu wa msafara ananiambia yuko bibi mmoja katika kundi lijalo. Amesoma mahali habari za nywele. Anaomba amkate Nelida. Siku hizi wanapenda sana.”

“Hapana!”

Alipaza sauti mpaka simbilisi wakatawanyika chini ya kitanda. Delfina alisimama na majani mkononi. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia sauti ile.

“Basi nani?” aliuliza. “Mimi sina mtu, baba. Unajua kwamba sina mtu.”

Asubuhi Wenceslao alimtuma akanunue mkate wa Oropesa, na alipoletewa aliufunga katika kitambaa, akachukua mtungi na fimbo, akaanza kupanda malishoni peke yake. Njia ambayo zamani ilimchukua asubuhi moja ilimla siku nzima.

Nicanor alikuwa ameketi nje, ameegemea ukuta wa zizi. Alikuwa mzee sana. Kiharusi kilimpiga mwaka uliotangulia, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Pia ya uzi haikuwepo.

“Hodi, kaka.”

“Umeshafika, unabisha nini? Kaa.”

Alikaa. Miaka ishirini na saba, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Wenceslao alitazama zizini apate cha kusema. Alpaka walikuwa wanarudi, wengine na uzi wa buluu masikioni, wa Nicanor mwenyewe. Na kati yao, weupe na wa kahawia, wakubwa na vitoto, kundi zuri, karibu nusu ya zizi, wenye uzi wa waridi.

“Hao wa waridi ni wa nani?”

“Wa mtoto.”

“Mtoto gani?”

Nicanor aligeuza kichwa. “Kwani wewe una watoto wangapi?”

Wenceslao alihisi kama kamba imekatika.

“Yule jike mweupe alizaa,” Nicanor alisema, akitazama mbele. “Waliozaliwa nao wakazaa. Madume nilibadilisha kwa majike. Sufu yao ninaiweka kando, imo ndani humo, panya wamekula kidogo. Mkate nilikula, Wenceslao. Ulitaka niuteme?”

“Mbona hukusema?”

“Mbona hukuja?”

“Delfina aliacha shule, kaka.”

“Nilisikia. Nilikaa hapahapa wiki nzima. Nikasema leo atapanda, leo atapanda. Nilikuwa nimeshawatenga madume manne wa kuteremsha wakauzwe.”

“Ungeteremka.”

“Ningeteremka,” Nicanor alikubali. “Nami ni Ccahuana.”

Baridi ilianza kushuka. Wenceslao alifungua kitambaa akaweka mkate kati yao, kwa mikono miwili, kama alivyopaswa kufanya mara ya pili siku ile njiani. “Nimekuletea mkate. Kwa mtoto wa Delfina.”

Nicanor aliutazama. Kisha kwa mkono wa kushoto akaunyanyua ule wa kulia, akauachia. Ukaanguka.

“Huu haushiki hata kijiko. Ungekuja mwaka juzi.”

Hakuumega ule mkate. Hakuurudisha pia. Aliuvuta mapajani, akaufunika na kitambaa chake ili usipate umande, na alipolala Wenceslao pale ndani, na alipoamka, na alipoaga, ulikuwa bado mzima.

Alishuka. Kwenye mwamba wa nusu ya njia alivua kofia, akatoa vipande vya ile barua, akavitazama. Alikuwa ametazama njia ya wageni kutoka kwenye kamba, viangazi vingapi, na kwa wakati wote huo mgongo wake ulikuwa umeelekea malishoni. Angegeuza kichwa tu. Siku ya anga safi, kutoka ukuta wa mashariki, zizi la Nicanor linaonekana.

Nyumbani alimweleza Delfina yote, bila kujificha. Mkate wa kwanza, maneno ya njiani, mkasi sahanini. Wanyama. Delfina aliendelea kumenya viazi. Baba yake alipofika kwenye habari za alpaka kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

“Na yule mzee mrefu,” Wenceslao alisema, “siku ile kambini. Ndiye.”

“Nilijua, baba. Si ulinisimulia masikio yake tangu utotoni? Nilimwekea viazi vitatu zaidi.”

“Hukumwambia kitu?”

“Aliniambia asante. Nikamwambia karibu.” Alifuta kisu kwenye sketi. “Shule ndiyo ninayoisikitikia. Yule mzee simsikitikii.”

Wenceslao aliinuka kwa kushika ukuta, akapapasa ufa wa juu ya jiko, akatoa kitambaa cheusi kwa moshi. Alikiweka mkononi mwa binti yake.

“Mama yako alikitia humo. Hizi ni nywele zako, shungi lililokuwa la baba'ako Nicanor. Jumapili utapanda na Nelida. Utaanza na hili, umpe mkononi, mkono wa kushoto, ule unaohisi. Usiseme kitu mpaka alifungue.”

“Halafu?”

“Halafu utamkalisha mtoto mbele yake. Mkasi utauweka katika mkono wa kulia, na mkono wako juu ya wake, uukaze. Usimuulize kama anaweza. Ukimuuliza atasema hapana, nami namjua. Kateni pamoja. La kwanza, Delfina, lazima liwe la kwanza, hata kama mko watatu tu na hakuna wa kupiga makofi.”

“Na wewe huji?”

“Mimi nilishapanga siku kama hiyo mara moja.” Aliketi tena, akanyosha goti lake bovu. “Nenda wewe. Akikataa Jumapili hii, panda Jumapili ijayo. Akikataa tena, panda tena, usiseme mwakani. Na mkate ununue asubuhi ileile, usimpelekee wa jana.”